Imani Mbele ya Tabibu: Historia ya Swali la Dini na Wazimu

Swali la kama imani ya dini yaweza kuhesabiwa kuwa wazo potofu husikika siku hizi kana kwamba lilizuka jana katika mabishano ya wanasayansi na wahubiri, ilhali limekwisha kupita katika mabaraza ya watawala, kumbi za bunge, wodi za Paris na hospitali ya Mathari jijini Nairobi. Katika tiba ya akili, wazo potofu ni imani isiyo na msingi ambayo mgonjwa huishika kwa yakini isiyotikisika, wala hoja na ushahidi haviwezi kumbandua nayo. Hilo ni tofauti na maruweruwe, ambayo ni kuona au kusikia kisichokuwapo, na ni tofauti pia na kosa la kawaida, kwa kuwa aliyekosea hukubali kusahihishwa. Si vigumu kuelewa kwa nini maelezo hayo yaliwavutia wengi kuyahamishia kwenye dini, kwani muumini naye hushika asichokiona na hakiachi kwa urahisi. Hata hivyo, tangu karne ya 17 hadi leo, mara nyingi maelezo hayo yalipotolewa kwa mgonjwa mmoja yakabandikwa juu ya imani yenyewe, aliyeamua alikuwa mwenye nguvu, na aliyeamuliwa alipoteza haki ya kujibiwa kwa hoja.

Shutuma ya kale

Vitabu vitakatifu vyenyewe vimehifadhi shutuma hiyo bila kuificha. Wapinzani wa Mtume Muhammad mjini Makka walimwita majununi, na Kurani inaitaja tuhuma hiyo na kuikanusha, hasa mwanzoni mwa Sura ya Al-Qalam. Agano Jipya nalo linasimulia kwamba jamaa zake Yesu walitoka kwenda kumchukua wakidhani amerukwa na akili, na kwamba liwali Festo alimkatiza Paulo katikati ya utetezi wake mbele ya Mfalme Agripa kwa kumwambia kuwa ana wazimu. Katika mifano hiyo washutumu hawakuikana dini kwa jumla, maana wao pia walikuwa na miungu yao au Mungu wao; walichokikana ni kwamba mtu huyu aliyesimama mbele yao ametumwa. Wazimu ulikuwa njia ya kumnyamazisha nabii bila kulazimika kuupima ujumbe wake.

Kwa Wagiriki wa kale mambo yalikuwa na sura mbili. Mnamo mwaka 400 kabla ya Kristo, mwandishi mmoja wa shule ya Hippocrates aliandika juu ya kifafa, maradhi yaliyoitwa matakatifu, akadai kwamba hayana utakatifu kuliko maradhi mengine na kwamba chanzo chake kimo katika ubongo. Mwandishi huyo hakuwa mpinga miungu. Aliowashambulia ni wale waliojipatia riziki kwa kutakasa wagonjwa kwa makafara na marufuku za vyakula. Muda si mrefu baadaye, Plato katika mazungumzo yake yaitwayo Phaedrus alitenga wazimu unaotokana na ugonjwa wa binadamu na wazimu unaotoka kwa miungu, akiuweka katika kundi hili la pili wazimu wa unabii, wa ibada, wa ushairi na wa mapenzi. Mikondo hii miwili, mmoja wa tabibu anayetafuta chanzo mwilini na mwingine wa mwanafalsafa anayekiri kwamba kurukwa na akili kwaweza kuleta kheri, iliendelea sambamba kwa karne nyingi bila mmoja kuumeza mwingine.

Miji ya Kiislamu iliuendeleza mkondo wa tabibu kwa namna iliyo adilifu. Hospitali zilizoitwa bimaristani, kama ile ya Nur al-Din iliyojengwa Damascus mwaka 1154 na ile ya Sultani Qalawun iliyojengwa Cairo mwaka 1284, zilikuwa na sehemu za wagonjwa wa akili, na matabibu wake walikuwa Waislamu, Wakristo na Wayahudi ambao hawakuona mgongano kati ya kuswali na kutibu. Katika ulimwengu huo huo wa Kiislamu, kabla ya hospitali hizo mbili kujengwa, ndipo Abu Hamid al-Ghazali, mwalimu mashuhuri wa madrasa ya Nizamiyya ya Baghdad, alipopatwa mwaka 1095 na msukosuko wa nafsi uliomfunga ulimi hata akashindwa kufundisha, na matabibu wakakubali kwamba ugonjwa huo umeanzia moyoni na hauwezi kufikiwa na dawa zao. Katika kitabu alichoandika baadaye juu ya kuokoka kwake kutoka upotevuni, al-Ghazali alieleza jinsi alivyowahi kuzishuku hisi zake na hata akili yake, akikumbusha kwamba mwotaji huwa na yakini kamili mpaka anapoamka. Aliona mapema jambo ambalo matabibu wa Ulaya walilifikia kwa taabu, kwamba nguvu ya yakini peke yake haithibitishi ukweli wa jambo wala haithibitishi ugonjwa wa anayelisadiki.

Jazba na siasa nchini Uingereza, 1642–1796

Hatua iliyobadilisha kila kitu ilipigwa Uingereza, na sababu yake ilikuwa ya kisiasa kuliko ya kitabibu. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilivyoanza mwaka 1642 vilibomoa mamlaka ya maaskofu na kufungua mlango kwa mafundi, wakulima na wanawake kuhubiri kwa madai ya kuongozwa na Roho moja kwa moja. Miongoni mwa vikundi vilivyozuka kilikuwamo kile cha George Fox, kilichojiita Marafiki na kuitwa na maadui zake Quaker, yaani watetemekaji, kwa sababu baadhi yao walitetemeka wakati wa ibada. Mwaka 1651 Fox alitembea peku katika mji wa Lichfield akiutangazia ole, na mwaka 1656 mwenzake James Nayler aliingia Bristol juu ya farasi huku wafuasi wakimwimbia hosana, kama vile Yesu alivyoingia Yerusalemu. Bunge lenyewe lilimhukumu Nayler kwa kosa la kukufuru: alichapwa mijeledi, akatobolewa ulimi kwa chuma cha moto na kupigwa chapa kwenye paji la uso.

Adhabu hiyo ya kutisha ilikuwa miongoni mwa za mwisho za aina yake, kwa sababu wasomi wa kipindi hicho hicho walikuwa wakiandaa silaha nyingine. Mwaka 1655 Meric Casaubon alichapisha kitabu kuhusu jazba ya dini, yaani hali ya mtu kujiona amejazwa na Mungu, akiieleza kuwa mara nyingi hutokana na maumbile ya mwili, na mwaka uliofuata Henry More naye akaihusisha jazba hiyo na huzuni nyeusi, maradhi ambayo matabibu wa zamani waliamini yanaletwa na nyongo. Wote wawili walikuwa Wakristo waaminifu wa kanisa la taifa. Hawakukusudia kuiponda dini. Walitaka kuilinda dini ya utaratibu dhidi ya dini ya vurugu, na kumwita mhubiri wa barabarani mgonjwa kulipunguza haja ya kumjibu na pia haja ya kumchoma moto. Kwa upande wa huruma ni maendeleo makubwa, na historia ya kweli lazima ikiri hivyo, lakini kwa upande wa haki mlango mpya ulikuwa umefunguliwa, kwani mzushi aliyepelekwa mahakamani alisikilizwa angalau kabla ya kuadhibiwa.

John Locke alilipa wazo hilo sura ya kifalsafa. Katika kitabu chake kuhusu ufahamu wa binadamu alikwisha kusema kwamba kichaa hakukosa uwezo wa kufikiri, bali hujenga hoja sahihi juu ya misingi mibovu, na katika toleo la 4 lililotoka mwaka 1700 aliongeza sura nzima dhidi ya jazba, akisisitiza kwamba kila anayedai amepata ufunuo hana budi kuupima kwa akili. Kipimo chake kilikuwa cha haki kwa kiasi fulani, kwa kuwa kilimtaka muumini atoe sababu na hakikumkatalia mapema. Waandishi wa karne ya 18 walikwenda mbali zaidi. David Hume mwaka 1757 alieleza asili ya dini kuwa ni hofu na matumaini ya binadamu mbele ya matukio asiyoyaelewa, na Baron d'Holbach mwaka 1770 alihitimisha kwamba dini yote ni kosa lililozaliwa na ujinga. Silaha iliyofuliwa na Wakristo dhidi ya Wakristo wenzao sasa iliwageukia wote.

Hata hivyo waliotukanwa kuwa vichaa ndio waliofanya jambo kubwa kuliko wote kwa ajili ya vichaa. Mwaka 1790 mwanamke mmoja wa jumuiya ya Marafiki alifia katika nyumba ya vichaa ya mji wa York, mahali ambapo jamaa zake wa imani walikuwa wamezuiwa kumtembelea, na kutokana na uchungu huo mfanyabiashara William Tuke aliwaongoza Marafiki kuanzisha makazi yao wenyewe, yaliyofunguliwa mwaka 1796. Humo wagonjwa hawakufungwa minyororo, walipewa kazi za bustani na mazungumzo, na ibada ilihesabiwa kuwa sehemu ya matibabu. Jumuiya iliyowekwa katika orodha ya wagonjwa ilikuwa imegundua namna bora ya kuwatunza.

Madaktari wa Paris na wafu wasioweza kujitetea, 1793–1913

Ufaransa ndiyo iliyoufanya uchunguzi wa wazimu kuwa taaluma kamili. Philippe Pinel, aliyeanza kazi katika hospitali ya Bicêtre mwaka 1793 na ya Salpêtrière mwaka 1795, alisisitiza kumtazama mgonjwa kwa subira na kuandika anachokiona. Mwanafunzi wake Étienne Esquirol aliendelea kwa kuainisha mawazo potofu kulingana na maudhui yake, akiwatenga wanaojiona miungu au manabii na wanaodhani wamepagawa na mashetani. Esquirol aligundua pia jambo lenye maana kubwa, kwamba katika zama zake waliomwogopa shetani walikuwa wamepungua ilhali waliowaogopa polisi walikuwa wameongezeka. Maana yake ni kwamba ugonjwa huazima mavazi ya wakati wake, na kama ni hivyo, kuwapo kwa dini katika maneno ya mgonjwa hakuwezi kuifanya dini kuwa ugonjwa, kama vile hofu ya polisi haiwezi kuligeuza jeshi la polisi kuwa ndoto.

Funzo hilo halikuzingatiwa na waliomfuata. Mwaka 1845 Louis-Florentin Calmeil alichapisha mabuku mawili akiwapitia wachawi na watawa waliopagawa wa karne zilizotangulia na kuwapa kila mmoja jina la ugonjwa. Jean-Martin Charcot, ambaye mwaka 1882 alipewa kiti cha uprofesa wa magonjwa ya neva, aliwatambua wagonjwa wa histeria, yaani mparaganyiko wa neva usio na jeraha linaloonekana, katika michoro ya kale ya watu waliotolewa pepo. Kazi hiyo ilifanyika wakati Jamhuri ya Ufaransa ikiwa katika mvutano mkali na Kanisa Katoliki, na katika miaka ya 1880 watawa walikuwa wakiondolewa katika hospitali za Paris ili nafasi zao zichukuliwe na wauguzi wasio wa kidini. Kuchunguza wafu kulikuwa na faida moja kwa mchunguzi, nayo ni kwamba hawakuweza kumjibu.

Upeo wa mwelekeo huo ulifikiwa mwaka 1908, daktari Charles Binet-Sanglé alipoanza kuchapisha kitabu cha kudai kwamba Yesu mwenyewe alikuwa mgonjwa wa akili. Jibu zito lilitoka kwa Albert Schweitzer, mwanatheolojia aliyekuwa akimalizia masomo ya udaktari, katika tasnifu aliyoichapisha mwaka 1913, mwaka ule ule aliosafiri kwenda Lambaréné katika Gabon ya leo kufungua hospitali. Schweitzer hakukimbilia kusema kwamba Yesu ni mtakatifu na kwa hiyo hagusiki. Alionyesha kwamba madaktari hao walitumia vyanzo ambavyo wanahistoria hawavitegemei, na kwamba kumngoja Masihi lilikuwa tumaini la Wayahudi wengi wa wakati huo, kwa hiyo mtu aliyefikiri kwa lugha ya tumaini hilo hakuwa ameachana na akili za wenzake.

Kabla yake, William James wa Marekani alikuwa ametoa hoja pana zaidi katika mihadhara aliyoianza Edinburgh mwaka 1901 na kuichapisha mwaka uliofuata. James alimchukua George Fox yule yule wa Lichfield kuwa mfano: akakiri kwamba kwa kipimo cha neva Fox alikuwa mtu mwenye hitilafu kubwa, kisha akasema kwamba busara yake ya kiroho hata hivyo haikuwa na shaka. Kwa James, kueleza imani imetoka wapi mwilini hakutoshi kuamua thamani yake, kwa kuwa hata ukanaji wa Mungu una chanzo chake mwilini, na kila fikra, ya mzima na ya mgonjwa, hupita katika ubongo. Imani ipimwe kwa matunda yake. Hoja hiyo haijavunjwa mpaka leo, ingawa ina upungufu wake, kwani imani yenye matunda mazuri yaweza bado kuwa si ya kweli.

Jaspers na Freud, 1913–1930

Mwaka 1913 Karl Jaspers, daktari kijana wa Heidelberg, alitoa kitabu kikubwa cha elimu ya maradhi ya akili ambamo aliorodhesha alama tatu za nje za wazo potofu: yakini isiyo ya kawaida, kutoguswa na uzoefu wala hoja, na kutowezekana kwa maudhui yake. Mara nyingi watu huishia hapo, wakaona dini imeingia wavuni. Jaspers mwenyewe hakuishia hapo. Alishikilia kwamba kiini cha wazo potofu kimo katika namna linavyozuka, pale maana mpya inapomvamia mgonjwa ghafla bila kuunganika na maisha yake ya awali, kama mtu anayeona sahani mezani na papo hapo akajua kuwa dunia imehukumiwa. Imani ya mwanadamu aliyefundishwa na wazazi, akasali, akashuku, akarudi, inaweza kufuatiliwa hatua kwa hatua na msikilizaji, na kwa sababu hiyo haiingii katika kundi hilo hata ikiwa si ya kweli.

Sigmund Freud, mwanzilishi wa uchanganuzi wa nafsi, aliichukua njia nyingine. Mwaka 1907 alilinganisha ibada na vitendo vya wagonjwa wanaolazimika kurudia jambo lile lile, na mwaka 1927 katika kitabu chake juu ya mustakabali wa dini aliweka tofauti ambayo wasomaji wake wengi wameisahau: tumaini danganyifu ni imani iliyozaliwa na matamanio, nayo yaweza kutokea kuwa kweli, ilhali wazo potofu hugongana na uhalisi. Mafundisho ya dini aliyaweka katika kundi la kwanza, ingawa aliongeza kwamba baadhi yake yanakaribia la pili, na kufikia mwaka 1930 alikuwa akiieleza dini kuwa wazo potofu la umati. Rafiki yake Oskar Pfister, mchungaji wa Uswisi aliyekuwa pia mchanganuzi wa nafsi, alimjibu mwaka 1928 kwamba imani ya Freud juu ya ushindi wa sayansi nayo imezaliwa na matamanio. Urafiki wao haukuvunjika, jambo linaloonyesha kwamba swali hili laweza kujadiliwa kwa heshima pale kila upande unapokubali kuwa mwingine ana akili timamu.

Manabii katika hospitali za ukoloni, 1896–1961

Afrika haikupewa heshima hiyo. Waganga wa pwani ya Waswahili walikuwa tangu zamani wakitofautisha mtu aliyepandwa na pepo na kichaa: wa kwanza ana pepo mwenye jina, ngoma yake na siku yake, na baada ya ngoma mteja hurudi katika shughuli zake, hali kichaa hana utaratibu unaojulikana. Wakoloni waliokuja na hospitali hawakuuliza tofauti hiyo. Wamisionari wa Kijerumani walianzisha makazi ya Lutindi katika milima ya Usambara mwaka 1896 kwa ajili ya watoto waliokombolewa utumwani, na mwanzoni mwa karne ya 20 yakageuzwa kuwa hospitali ya wagonjwa wa akili. Nairobi nayo ilipata nyumba ya vichaa mwaka 1910, ile iliyokuja kuitwa Mathari. Katika kipindi hicho serikali bado zilimtazama nabii kuwa mwasi tu. Kinjikitile Ngwale, aliyegawa maji ya kinga huko Ngarambe, alinyongwa na Wajerumani mwaka 1905 katika siku za mwanzo za vita vya Maji Maji, na mahakama ya Wabelgiji mwaka 1921 ilimhukumu mhubiri wa Kongo Simon Kimbangu kifo, adhabu iliyobadilishwa kuwa kifungo alichokitumikia Elisabethville, ambayo sasa ni Lubumbashi, hadi kufa kwake mwaka 1951.

Mabadiliko yalitokea pale kunyonga na kupiga risasi kulipoanza kuleta aibu. Afrika Kusini mnamo Mei 1921 polisi waliwaua zaidi ya waumini 160 wa Enoch Mgijima huko Bulhoek, na lawama zilizofuata ziliwafanya maofisa wa jimbo la Cape watafute njia tulivu zaidi. Mwaka uliofuata walimkamata Nontetha Nkwenkwe, mama aliyeanza kuhubiri baada ya kuoteshwa ndoto wakati wa homa kuu ya mwaka 1918, na ambaye mahubiri yake yalikataza pombe na kuhimiza umoja. Hakufunguliwa mashtaka, alipelekwa hospitali ya wagonjwa wa akili ya Fort Beaufort, kisha mwaka 1924 akahamishiwa Pretoria, mbali na wafuasi wake, ambao walitembea kwa miguu mamia ya maili kwenda kumwona. Alifia humo mwaka 1935 na kuzikwa katika kaburi lisilo na alama, na mifupa yake ilirudishwa kwao mwaka 1998 tu.

Kisa cha Kenya kinaunganisha nyuzi zote zilizotangulia. Mwaka 1902 Marafiki kutoka Marekani walifungua misheni Kaimosi, na kazi yao ilienea hata Kenya ikawa nchi yenye Marafiki wengi kuliko nchi nyingine yoyote duniani. Katika kanisa hilo alikulia Elijah Masinde wa Kimilili, Mbukusu aliyewahi kuwa mchezaji wa mpira mwenye sifa na baadaye mtumishi wa baraza la wenyeji. Baada ya kutengana na kanisa alianzisha Dini ya Msambwa, iliyowaita watu warudi kumwomba Wele, Mungu wa Wabukusu, na kuwaheshimu wahenga katika mlima Elgon, na iliyotangaza kwamba Wazungu lazima waondoke. Mwaka 1944 aligongana na utawala kwa kukaidi amri zake, na mwaka 1945 akaingizwa Mathari, alikokaa hadi mwaka 1947.

Kwa utawala, hatua hiyo ilikuwa na urahisi wake. Mashtaka ya uasi yangemlazimu hakimu kusikiliza kwa nini Wabukusu wanalalamikia ardhi, kodi na kazi za kulazimishwa, ilhali cheti cha daktari kiliyafanya malalamiko hayo kuwa dalili. Mafundisho ya Masinde kuhusu mizimu yalikuwa ya ajabu kwa ofisa wa Kiingereza, lakini kwa Mbukusu wa Kimilili hayakuwa na ajabu yoyote, na hapo ndipo kipimo alichokitumia Schweitzer kumtetea Yesu kingepaswa kutumika na hakikutumika. Mkuu wa Mathari katika miaka hiyo alikuwa J. C. Carothers, daktari aliyepewa hospitali hiyo mwaka 1938 bila kuwa amebobea katika magonjwa ya akili, na ambaye mwaka 1953 aliandika kwa ajili ya Shirika la Afya Duniani kitabu kilicholinganisha akili ya Mwafrika na ya Mzungu aliyekatwa sehemu ya mbele ya ubongo. Mwaka 1954 aliandikia serikali ripoti iliyoueleza uasi wa Mau Mau kuwa tatizo la saikolojia. Pale tabibu anapoona akili ya watu wazima kwa mamilioni kuwa pungufu, hukumu yake juu ya imani ya mmoja wao haiwezi kuitwa uchunguzi.

Hospitali haikumtuliza Masinde. Septemba 1947, miezi michache baada ya kuachiliwa, aliongoza umati mkubwa hadi Chetambe kuwakumbuka Wabukusu walioangamizwa na Waingereza mwaka 1895. Februari 1948 polisi waliwapiga risasi waumini huko Malakisi wakaua watu 11, dini ikapigwa marufuku, naye akapelekwa uhamishoni Lamu, asiachiliwe hadi mwaka 1961. Serikali iliyokuwa imemwita mgonjwa sasa ilimshughulikia kama adui mwenye akili zake zote. Inafaa kuongeza kwamba Kenya huru nayo iliipiga Dini ya Msambwa marufuku tena mwaka 1968 na kumfunga mwanzilishi wake, aliyefariki mwaka 1987.

Kipimo cha wengi, 1959–1994

Utafiti wa Milton Rokeach katika hospitali ya Ypsilanti, Michigan, kati ya mwaka 1959 na 1961 uliweka wazi tofauti ambayo nadharia ilikuwa ikiitafuta. Aliwakutanisha wagonjwa watatu, kila mmoja akijiamini kuwa Kristo, akitarajia kwamba mgongano huo ungewatikisa, lakini kila mmoja alijitengenezea maelezo ya kuwakana wenzake. Waumini wa kawaida hukusanyika, husahihishana, hubishana juu ya tafsiri na hukubali kiongozi. Hawa watatu hawakuweza kuunda hata usharika wa watu wawili. Wazo potofu humtenga mwenye nalo, na kwa kawaida dini huwaunganisha walio nayo.

Mwongozo wa magonjwa ya akili wa chama cha madaktari wa akili wa Marekani, katika toleo la 3 la mwaka 1980, uliigeuza tofauti hiyo kuwa kanuni: imani inayokubaliwa kwa kawaida na watu wa utamaduni wa mgonjwa, kama vile mafundisho ya dini, isihesabiwe kuwa wazo potofu. Toleo la mwaka 1994 liliongeza kwamba tatizo la kiroho laweza kumleta mtu kwa daktari bila kuwa ugonjwa. Kanuni hiyo imewalinda wengi, na laiti ingalikuwapo Mathari mwaka 1945, ingemlazimu daktari kuwauliza Wabukusu kwanza. Lakini ina udhaifu ambao wapinga dini wameuonyesha kwa haki, kwani idadi ya wanaosadiki haiwezi kuwa kipimo cha ukweli, na nabii wa kwanza wa dini yoyote, siku ya kwanza ya mahubiri yake, hana umma wa kumkinga. Umoja wa Kisovyeti ulionyesha hatari ya upande wa pili: pale taifa lilipotangaza ukanaji wa Mungu kuwa utamaduni wa wote, waumini walikuwa miongoni mwa watu walioingizwa hospitalini kwa jina la skizofrenia isiyo na dalili dhahiri, hata chama cha madaktari wa akili wa nchi hiyo kikajitoa katika jumuiya yao ya dunia mwaka 1983 kukwepa kufukuzwa.

Kutoka Oxford hadi Shakahola, 2006–2024

Mwaka 2006 Richard Dawkins, mwanabiolojia wa Oxford aliyezaliwa Nairobi mwaka 1941, alichapisha kitabu kilichoweka neno la kitabibu la wazo potofu katika jina lake na kulihusisha na imani ya Mungu, kikasomwa na mamilioni. Sehemu kubwa ya kitabu hicho ni hoja za kawaida za kifalsafa na za kibiolojia dhidi ya kuwapo kwa Muumba, na hoja hizo zinastahili kujibiwa zilivyo. Mwaka 2009 Andrew Sims, aliyewahi kuwa rais wa chuo cha kifalme cha madaktari wa akili cha Uingereza, alijibu sehemu ya kitabibu tu: kwa vipimo vinavyotumika hospitalini, imani ya dini haikidhi sifa za wazo potofu, na anayetaka kuikosoa atafute jina lingine. Dawkins angeweza kukubali hilo bila kupoteza hoja yake kuu, kwa sababu imani yaweza kuwa ya uongo kabisa na mwenye nayo akawa mzima kabisa.

Tofauti hiyo ilipata uzito wa mauti nchini Kenya. Kuanzia Aprili 2023 ilifukuliwa zaidi ya miili 400 katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi, ya wafuasi wa mhubiri Paul Mackenzie ambao waendesha mashtaka wanasema walihimizwa kufunga kula hadi kufa ili wamwone Yesu. Wengi walisema mara moja kwamba huu ni wazimu, na mnamo Januari 2024 mahakama iliagiza mhubiri na washtakiwa wenzake wapimwe akili. Mackenzie alionekana ana uwezo wa kujibu mashtaka, akasomewa na kuyakana, na kesi ikaendelea. Mahakama haikumtaka daktari aamue kama mafundisho yake ni ya kweli; alitakiwa kueleza tu kama mtu huyu anaelewa alitendalo, na yaliyobaki yakaachiwa ushahidi wa vifo, vya watoto hasa, ambao hawakuwa na umri wa kuchagua imani yoyote.

Wakati huo huo Rais William Ruto aliunda jopo chini ya Mutava Musyimi, aliyewahi kuwa katibu mkuu wa Baraza la Kitaifa la Makanisa, kupitia upya sheria za usimamizi wa mashirika ya dini, na jopo hilo likawasilisha ripoti yake mwaka 2024. Mabishano yaliyofuata yamehusu usajili, mafunzo ya wahubiri, hesabu za fedha na mipaka ya uhuru wa kuabudu uliomo katika katiba ya mwaka 2010, na wahubiri waliopinga mapendekezo hayo wamepinga kwa hoja na kujibiwa kwa hoja, katika kumbi ambamo hakuna aliyelazimika kwanza kuthibitisha kwamba ana akili timamu.